Pumzi Anayo, Mawimbi Yanampita: Kisa cha Mteleza Mawimbi wa Miaka 15

Msichana wa miaka 15 anashindana katika kundi la walio chini ya miaka 16. Anaanza mchujo vizuri: wimbi la kwanza alama tano na nusu, la pili sita na ushei. Baada ya hapo anazimika. Dakika za mwisho anafukuza mawimbi asiyoyapata, na lile moja analolipata linamwangusha kwenye mkato wa kwanza, yaani anapougeuza ubao kwa ghafla juu ya wimbi. Siku yenye michujo mitatu, wa tatu ndio unaomtoa. Kocha wake alishatoa hukumu: hana pumzi. Akampangia mbio ndefu za asubuhi mara nne kwa wiki. Miezi minne baadaye muda wake wa kilomita tano ulikuwa umepungua kwa zaidi ya dakika mbili, lakini majini matokeo yalibaki yale yale.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia kwa wachezaji wa umri huu, na namba zake zimewekwa ili hoja ionekane. Tafiti zinazotajwa ni za kweli. Nimechagua msichana kwa makusudi, kwa sababu vipimo vingi vilivyochapishwa kuhusu mchezo huu vilifanywa kwa wavulana na wanaume, na makocha huvihamishia kwa wasichana bila kujiuliza kama vinawafaa.

Hukumu ya kocha ilitoka wapi

Kocha hakuibuni. Mchujo wa vijana huchukua dakika 20 hivi, wakati mwingine hadi 30, na mwishowe yanahesabiwa mawimbi mawili bora tu, kila moja likipewa alama kati ya 0 na 10. Kazi inayopewa alama, yaani ile ya kusimama juu ya ubao, inaweza isifike hata dakika moja. Muda mwingine wote mchezaji yuko kifudifudi akikata maji kwa mikono, au ameketi juu ya ubao anangoja. Mwaka 2006 Mendez-Villanueva na wenzake walichapisha mgawanyo wa muda wa wachezaji wakiwa mashindanoni: kupiga mikono asilimia 51, kutulia asilimia 42, kuteleza juu ya wimbi chini ya asilimia 4. Mwaka 2012 Farley na wenzake, waliowafunga wachezaji vifaa vya GPS na vya kupima mapigo ya moyo, walipata asilimia 54 za kupiga mikono, 28 za kutulia na 8 za kuteleza. Wastani wa mapigo ya moyo ulikuwa takriban 140 kwa dakika, na kilele kilifika karibu 190.

Ukizisoma namba hizo kwa haraka unaona mchezo wa stamina. Nusu ya muda ni kupiga mikono, moyo uko juu, basi kijana apewe mbio. Lakini katika vipimo hivyo hivyo zaidi ya nusu ya vipindi vya kupiga mikono havikuzidi sekunde 20. Mchezaji hapigi mikono kwa dakika kumi mfululizo kama muogeleaji wa masafa. Anapiga kwa nguvu zote sekunde chache alipate wimbi, anateleza, anarudi akipita kwenye mapovu, anapumzika, anajisogeza mita chache, kisha anapiga tena kwa nguvu zote.

Kazi ya nguvu zote ya sekunde chache haingoji oksijeni. Hulipiwa zaidi na fosfokreatini iliyohifadhiwa ndani ya msuli, na akiba hiyo huisha haraka. Kuirudisha ndiko kunakohitaji oksijeni: nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika hivi, na karibu yote baada ya dakika tatu hadi tano za kutulia. Hapo ndipo pumzi inapoingia katika mchezo huu. Inamrudishia mchezaji uwezo wa kufukuza wimbi linalofuata. Haimpi kasi ambayo hakuwa nayo tangu mwanzo.

Kingine ni kwamba mbio zilifanywa kwa miguu. Kazi ya mikono hutumia misuli michache kuliko kukimbia, na kiwango cha juu cha oksijeni anachofikia mtu kwa mikono kwa kawaida ni kama asilimia 70 ya kile anachofikia kwa miguu, ingawa kwa waliozoea kazi ya mikono pengo hupungua. Moyo imara unasaidia kote, lakini sehemu kubwa ya faida ya mazoezi hukaa ndani ya msuli uliofanyishwa kazi: mishipa midogo ya damu, mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), vimeng'enya. Miguu ya binti huyu ilipata. Mabega na mgongo wa juu havikupata.

Tulianzia kwa daktari

Kabla ya kupima kitu chochote majini, alionwa na daktari. Nasisitiza hatua hii kwa kuwa ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Msichana wa miaka 15 anayefanya mazoezi kila siku na kulalamika kuishiwa nguvu anaweza kuwa na upungufu wa madini ya chuma, anaweza kuwa na pumu inayochochewa na mazoezi, au anaweza tu kuwa anakula chini ya kile anachokitumia. La mwisho lina dalili ambayo kocha, hasa mwanamume, huona haya kuiuliza: hedhi iliyokoma au iliyopoteza mpangilio. Asiulize yeye basi. Aulize daktari, au mama. Lakini lazima iulizwe, kwa sababu kumwongezea mbio mtoto mwenye njaa ya nishati ni kumuumiza mifupa na homoni.

Kwa huyu kila kitu kilikuwa sawa: damu, akiba ya chuma, mapafu, hedhi. Ila ukaguzi ulionyesha kwamba katika mwaka mmoja na miezi michache alikuwa ameongezeka kilo sita, kutoka 47 hadi 53, huku urefu ukiongezeka kidogo sana. Ni kawaida kabisa. Wasichana wengi hufikia kilele cha kurefuka karibu na miaka 12, na uzito unaendelea kuja baadaye. Tulikubaliana mapema kwamba hakuna mtu atakayezungumzia kupunguza uzito mbele yake wala nyuma yake.

Umri unaeleza jambo jingine lililomchanganya kocha. Watoto ambao hawajabalehe hupona haraka baada ya kazi ya nguvu zote, na lakteti, kemikali inayozalishwa na misuli ikifanya kazi kali, haipandi sana katika damu yao. Alimjua binti huyu akiwa na miaka 11, mtoto aliyefukuza mawimbi mchana kutwa na kuamka tena kama hakuna kilichotokea. Kadiri mwili unavyokomaa, wepesi huo wa kupona hupungua, na nguvu hukua mahali pake. Kwa binti huyu wepesi ulipungua kabla nguvu haijafika. Kwa macho ya kocha ilionekana kama amezorota.

Vipimo vya majini

Hatukumpeleka maabara kupimwa kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni, na sababu yake iko kwenye tafiti zenyewe. Mwaka 2005 Mendez-Villanueva na wenzake waliwalinganisha wateleza mawimbi wa kiwango cha Ulaya na wa kiwango cha mkoa kwa kazi ya mikono. Makundi hayo hayakutofautiana katika kiwango hicho. Walichotofautiana ni nguvu waliyoweza kutoa kwenye kilele cha kipimo, na nguvu waliyoweza kuihimili kabla lakteti haijaanza kujikusanya. Mwaka 2010 Loveless na Minahan walifanya ulinganisho wa namna hiyo kwa vijana wa kiume, washindani na wasioshindana, na kiwango cha juu cha oksijeni hakikuwatenganisha. Namba ambayo haimtenganishi bora na wa kawaida haiwezi kutuambia kwa nini binti huyu anatolewa katika mchujo wa tatu.

Badala yake tulitumia bwawa la kuogelea, ubao wake wa mashindano na vipimo vitatu: mita 400 za kupiga mikono kwa mwendo wa juu anaouweza, mita 15 za kasi akianza kutoka kutulia, na mita 15 hizo hizo mara kumi, moja kila sekunde 40.

Mita 400 alizimaliza kwa dakika 5 na sekunde 25, sawa na mita 1.23 kwa sekunde. Kati ya wasichana sita wa kundi lake la mazoezi alikuwa wa pili. Katika mita 15 kasi yake ya kilele ilikuwa mita 1.45 kwa sekunde, akawa wa mwisho. Katika zile mara kumi alianza kwa sekunde 11.2 na kumalizia kwa 12.1, yaani alipungua kwa asilimia nane tu.

Huyu anapona vizuri. Mwendo wake wa muda mrefu ni asilimia 85 ya kasi yake ya juu kabisa, jambo ambalo kwa mkimbiaji wa masafa lingekuwa sifa. Kwa mteleza mawimbi maana yake ni kwamba dari lake liko chini mno. Tukampeleka kwenye bomba la kujivutia: alijiinua mara mbili, ya tatu haikufika. Uhusiano kati ya nguvu ya kujivuta kwa kulinganisha na uzito wa mwili na kasi ya kupiga mikono umeonekana katika vipimo vya wateleza mawimbi vilivyofanywa na Sheppard na wenzake, na mtu yeyote aliyewahi kumwangalia mchezaji mwenye mgongo imara akiondoka mahali anaposubiri ataelewa sababu.

Je, asilimia nane zinatosha kumpotezea mtu mchujo? Inategemea anapungua kutoka wapi. Kadiri kasi ya mchezaji inavyokuwa kubwa, ndivyo wimbi linavyomchukua mapema. Mwenye kilele cha mita 1.7 akipungua kwa asilimia nane bado analipata wimbi mapema, likiwa mteremko wa taratibu. Binti huyu akishuka kutoka 1.45 hadi 1.33, mawimbi mengi yanampita chini ya ubao. Ili ayapate inambidi akae ndani zaidi, karibu na pale yanapovunjika. Hapo atainuka kwa kuchelewa, uso wa wimbi ukiwa umesimama wima, na mkato wa kwanza ataupiga kabla hajapata mizani. Ndiyo maana alikuwa anaanguka. Kocha aliona uchovu wa miguu. Kilichoanguka kilianza kwenye mabega, sekunde tatu kabla.

Picha za video ziliongeza la pili

Tulitazama michujo yake yote iliyorekodiwa msimu huo. Katika ile aliyotolewa alifanya majaribio mara mbili ya mawimbi aliyoyapata. Kila jaribio lililoshindwa ni kazi ya nguvu zote isiyo na malipo, na linamgharimu pia haki ya kipaumbele, yaani ya kuchagua wimbi kwanza: mwenye kipaumbele akilipigia mikono wimbi na kulikosa anaweza kuipoteza. Halafu njia ya kurudi. Baada ya kila wimbi aligeuza ubao na kurudi moja kwa moja kupitia mahali mawimbi yanapovunjika, akizama chini ya mapovu mara nne au tano, wakati mpinzani wake alizunguka kwenye maji tulivu pembeni, safari ndefu zaidi lakini yenye mapigo ya mkono ya utulivu. Alikuwa anafika nje wa pili, akiwa ameishiwa, na seti, yaani kundi la mawimbi yanayofuatana, ikiingia.

Tulipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba kocha huwapigia kelele wanaorudi polepole. Jibu lake ni la haki. Kocha akilinyamazia, hakuna programu ya mazoezi itakayolirekebisha.

La tatu tuliliona kwa bahati, kwenye picha iliyopigwa kutoka pembeni: ubao ulikuwa umezama mno chini yake. Ulikuwa wa ujazo wa lita 24, alionunuliwa akiwa na kilo 47. Kwa kilo 53 pua ya ubao ilikuwa inasukuma maji mbele. Tulimjaribisha wa lita 26.5 wenye umbo linalofanana na ule wa zamani.

Wiki nane

Mbio hatukuzifuta zote. Alibakiwa na moja nyepesi kwa wiki, kwa kuwa anaipenda. Nafasi iliyobaki ilichukuliwa na siku mbili za nguvu na siku mbili fupi za bwawani.

Siku za nguvu zilikuwa za kujivuta kwa bomba akisaidiwa na mpira wa kunyumbuka, uzito wa wastani wa kuvuta akiwa ameinama, kazi ya kiwiliwili, na kujisukuma kwa mlipuko kutoka sakafuni ili kuinuka kwenye ubao kuwe kwepesi. Tuliongeza mazoezi madogo ya kuzungusha bega kwenda nje. Kupiga mikono kunajenga misuli inayovuta bega mbele na ndani, na bega la kijana lisilolindwa upande wa nyuma hulipa gharama baadaye. Kwa mchezaji aliye dhaifu kiasi hiki, nguvu za msingi ndizo zenye nafasi kubwa zaidi ya kuleta mabadiliko ya haraka. Ningekuwa na mchezaji anayejivuta mara kumi na tano nisingetarajia hivyo.

Bwawani tulifuata njia iliyojaribiwa kwa wateleza mawimbi vijana. Mwaka 2016 Farley na wenzake walichapisha jaribio la wiki tano: kundi moja lilifanya vipindi vya sekunde 10 vya kasi ya juu kabisa, jingine vipindi virefu zaidi vya sekunde 30. Vile vifupi viliboresha uwezo wa kurudiarudia kasi, vile virefu viliboresha mita 400. Binti yetu alipewa siku moja ya sekunde 10 zenye mapumziko ya kutosha na siku moja ya sekunde 30 ili alichonacho kisipotee. Makocha wengi hufupisha mapumziko ya ile siku ya kwanza wakidhani wanaongeza ugumu. Wanachofanya ni kuigeuza kuwa siku ya pumzi, na kasi haifundishwi kwa mwili uliochoka.

Baharini alikuwa na kazi moja: kila baada ya wimbi atazame pembeni kabla ya kugeuza ubao, achague njia, na akifika nje aketi, avute pumzi, asifukuze wimbi la kwanza la seti isipokuwa limekaa mahali pake.

Baada ya wiki hizo tulimpima tena kwa mbao zote mbili, ili faida ya ubao isihesabiwe kuwa faida ya mazoezi. Kwa ubao wa zamani kilele kilipanda kutoka mita 1.45 hadi 1.52 kwa sekunde. Kwa mpya kilifika 1.56. Mita 400, kwa ubao wa zamani, zilishuka hadi dakika 5 na sekunde 19, bila mbio ndefu. Kujivuta alifika mara tano.

Mashindano mawili yaliyofuata yalileta majibu mawili. La kwanza alivuka michujo mitatu na kutolewa nusu fainali na msichana aliyekuwa bora kuliko yeye kwa mikato, na mawimbi aliyoyakosa yalikuwa machache. La pili alitolewa mapema, siku ya mawimbi madogo na upepo. Alikaa mahali pasipofaa akisubiri seti ambazo hazikuja. Kusoma bahari hakupimwi kwa saa ya bwawani, na kwa umri wake ndiko kunakochukua miaka.

Ni lini kocha angekuwa sahihi

Angekuwa sahihi kama mita 400 zingekuwa mbovu kuliko mita 15, na kama zile mara kumi zingeshuka kwa asilimia 15 au 20. Kijana wa namna hiyo yupo, na huyo anahitaji pumzi, ila aipate kwa mikono akiwa juu ya ubao.

Mahali pia pana neno. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mchezo huu ulipoingia kwa mara ya kwanza, ilifanyika mwaka 2021 katika ufuo wa Tsurigasaki, penye sakafu ya mchanga na mawimbi yanayovunjika hapa na pale. Ya Paris mwaka 2024 ilikuwa Teahupo'o, Tahiti, ambako wimbi huvunjika juu ya mwamba wa matumbawe na pembeni pana maji ya kina ya kurudia. Ufuo wa kwanza unamla mchezaji mikono. Wa pili unataka kasi ya kuliingia wimbi na moyo wa kulikubali. Mashindano ya vijana mara nyingi hufanyika kwenye fuo za mchanga, na yale ya Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu humpa aliyeshindwa nafasi ya kurudi kupitia michujo ya marudio, kwa hiyo aliyeteleza mapema anaweza kulazimika kuingia majini mara nyingi zaidi ya yule aliyeshinda. Kwa ratiba ya aina hiyo pumzi ina thamani kubwa, hasa katika kupona kati ya mchujo na mchujo, pamoja na kula, kunywa maji na kukaa kivulini, mambo ambayo vijana huyasahau wakishangilia wenzao.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kuorodhesha vijana kwa vipimo. Ukiwapima wachezaji wa miaka 13 hadi 17 kwa pamoja, utaona walio juu kwenye msimamo wana mita 400 bora, na utashawishika kusema pumzi huleta ushindi. Wengi wao ni wakubwa kwa umri, warefu kwa mikono, na wameteleza miaka mingi zaidi. Walinganishe wa umri na ukomavu unaokaribiana, au mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita.

Kwa binti huyu kocha ameamua yafuatayo: kujivuta hadi afikie mara nane, kipimo kipya cha mita 15 na mita 400 kila baada ya miezi mitatu, uzito kuangaliwa na daktari peke yake, na lita za ubao kukaguliwa mwanzo wa kila msimu kwa kila mtoto wa kundi. Kelele za kuwahimiza wanaorudi kwa njia ya pembeni zimesimamishwa.